Shali la Arobaini ya Zuhura

Mimi si mtu wa kutoka. Kadi ya harusi ikiletwa nyumbani kwangu, mafua hunishika kabla sijaifungua, na majirani zangu wa Kisarawe wameshazoea. Wananiletea pilau kwenye bakuli lenye mfuniko, kama mgonjwa. Lakini msibani huwezi kusema una mafua. Mjomba Shabani alipofariki nilivaa viatu ambavyo soli zake zilikuwa zimesahau ardhi, nikateremka mjini, nikapanda tena hadi Mkuza, kule Kibaha, nikafika watu wameshatoka makaburini wananawa mikono. Idi, mtoto wake mkubwa, alinishika kiwiko tangu getini, akaniongoza kama anaongoza beberu wa thamani, akanilaza chumba cha nyuma nipumzike. Nilipogusa ukuta nilijua ni chumba gani. Wamebadilisha dari, wamefunga feni, lakini dirisha bado linatazama ukuta wa jirani, karibu kiasi kwamba ukinyoosha mkono unaweza kumpiga konzi. Nikajilaza nikisikiliza wanawake wakisugua masufuria uani, na ule mwaka wa Bi Hawa ukanijia wote, bila hodi.

Bi Hawa alikuwa bibi yangu. Kwa njia gani, tusianze. Ukoo wetu ukielezwa chai inapoa. Inatosha kwamba alikuwa mama mzazi wa Mjomba Shabani, kwamba aliishi peke yake Kisarawe katika nyumba ya vyumba viwili katikati ya mikorosho, na kwamba nilipomaliza kidato cha nne na matokeo yakawa ya kunyamaziwa, nilipelekwa kwake nikamsaidie. Wenzangu waliteremka mjini kutafuta maisha. Mimi nilifurahi kimoyomoyo, maana kukaa ndani ndicho kipaji pekee nilichowahi kuwa nacho. Alinipokea mlangoni, akanishika mashavu kwa viganja viwili, kwa muda mrefu kuliko kawaida ya salamu, akasema, "Mume wangu wameniletea mwembamba. Haya, ingia, tutamnenepesha." Tangu hapo nikawa mume wake, kama wajukuu wa kiume wanavyokuwa waume wa bibi zao. Alinilaumu mbele za watu kwamba simnunulii kanga, kwamba nakoroma, kwamba alipoteza ujana wake akinisubiri. Nami nilimjibu kwamba laiti ningejua mke mwenyewe ana meno machache hivyo ningedai punguzo.

Kazi yake ilikuwa kufuma mashali ya watoto wachanga. Siku ya arobaini, mama anapotolewa nje na mtoto kunyolewa, kila mwanamke wa kule aliyejiweza alitaka mwanawe abebwe ndani ya shali la Bi Hawa. Yalikuwa meupe, mepesi, yenye matundu ya maua. Ukilikunja linaenea kwenye bakuli la uji, ukilitandaza linafunika meza. Alifuma kwa sindano mbili nyembamba za chuma, na kufuma kwenyewe, alisema, ni nusu ya kazi. Shali likitoka kwenye sindano ni tambara lililojikunyata, halina sura. Ndipo linaloshwa kwa sabuni ya kipande, linakamuliwa ndani ya taulo, linatandazwa bichi juu ya godoro na kuvutwa kila pembe mpaka maua yafunguke, kisha ukingo unabanwa lisirudi. Wengine walibana kwa pini, na pini zikaacha kutu kwenye weupe. Bi Hawa alitumia miiba ya mlimau. Alinituma nikaichume nyuma ya choo, nikarudi nimechomwa kila kidole, akacheka mpaka akakaa chini, akasema mume huyu hata kuchuma miiba anachumwa yeye.

Alinifundisha kufuma kwa sababu sikuwa na pa kwenda. Vijana wa pale kijiweni walipogundua waliweka Mama mbele ya jina langu, nikawa Mama Hamisi, nikalibeba mwaka mzima, na wapo wazee wachache ambao mpaka leo wananiita hivyo. Sikujali sana. Kulikuwa na raha katika chumba kile ambayo sijaipata tena: mlango wa mbele wazi, mchaichai unachemka, kisamvu cha jana kinapashwa, na yeye ananisimulia habari za kila mtoto aliyemfumia, nani amekuwa mlevi, nani ameolewa Magindu kwa wafugaji na sasa ananuka maziwa. Vitanzi vyangu vya uzi vinaanguka kimoja baada ya kingine, yeye ananyoosha mkono, anapitisha kidole kwenye kazi yangu, anasema, "Hapo. Umekiacha kimoja hapo, kinalia." Nilidhani ni ustadi tu.

Nilikuwa mzito wa kuelewa. Siku moja nilivaa shati kinyume, mishono nje, nikakaa nalo kutwa nzima bila kutaniwa, na huyu alikuwa mwanamke aliyenitania hata ninavyopiga chafya. Nikaanza kumwangalia. Nikaona kwamba anapomimina chai kidole chake kinakuwa ndani ya ukingo wa kikombe. Nikaona kwamba uso wake unageukia mlango penye mwanga, hata anaposema na mimi niliye kwenye kona. Basi nikaenda nikachuchumaa mbele yake, nikatoa ulimi. Akaendelea kufuma. Nikautoa zaidi.

"Urudishe, mume wangu, utakauka," akasema.

Nikamuuliza ameuonaje.

"Sikuuona. Mtu akininyamazia hivyo usoni, ama ananitolea ulimi, ama anataka kulia. Na wewe hukuwa na sababu ya kulia."

Nikaelewa hapo hapo kwamba haoni. Akaweka kazi mapajani, akanieleza kwa ufupi, kama mtu anayesoma habari za mtu mwingine. Jicho la kulia lilikwenda kwanza, la kushoto likafuata. Hospitali walimwambia yamekufa kutoka ndani, si ya kupasuliwa. Alikuwa amebakiwa na mwanga wa mlango na kivuli cha mtu akipita. Mjomba Shabani alimwambia zamani, pale alipoanza kulalamika, kwamba siku macho yatakapokwisha atamchukua akae naye Mkuza, na Shabani akisema jambo halirudii, analifanya. Kwa hiyo Bi Hawa akamdanganya kwamba amepewa dawa ya matone na sasa anaona vizuri kuliko ujana wake. Mdogo wake Bi Hawa alipofuka akachukuliwa na mwanawe huko Magindu. Bi Hawa alikwenda kumtembelea akamkuta amekalishwa kwenye kiti kizuri kibarazani, amepakwa mafuta, amevishwa, amelishwa, mikono ameilaza mapajani kama vitu vya kuazima. "Nilimwita, akaniuliza, ni mchana au usiku? Mdogo wangu huyo alikuwa analima ekari peke yake." Akachukua tena sindano zake. "Mimi nitafia hapa, na kazi mkononi. Wewe utanisaidia au utaniuza?"

Nilimwambia mume hamuuzi mkewe. Lilikuwa jibu la kipuuzi, lakini ndilo nililokuwa nalo, na ndivyo nilivyoingia katika kazi ya uongo, ambayo niliiweza kuliko masomo yote ya sekondari. Tulikuwa na utaratibu wetu. Mgeni akitokea kwenye mikorosho mimi nilitangulia kumsalimu kwa sauti ya mnadani: "Shikamoo Mama Tausi, leo na kanga ya njano, unakwenda wapi umependeza hivyo?" Mama Tausi, jirani yetu mwenye mdomo mrefu, aliitikia huku akitabasamu, akaingia, na Bi Hawa bila kuinua kichwa akamwambia, "Hiyo njano inakutoa weusi, shoga, ungevaa ile ya kijani." Mama Tausi alikuwa akitangaza mtaa mzima kwamba macho ya Bi Hawa ni ya mwewe. Dukani nilikwenda mimi. Uzi nilichagua mimi, kwa sababu kuna nyeupe mbili, ya maziwa na ya tui la nazi, na kwa vidole hazina tofauti hata kidogo. Unene mmoja, ulaini mmoja. Mjomba Shabani alipokuja kutembea, nilimwonea huruma kwa jinsi tulivyomchezea. Alikuwa mtu mzito, mpole, fundi wa mabomba, aliyekaa kwenye kigoda akimwangalia mama yake kwa wasiwasi kama anayesikiliza bomba linalovuja ndani ya ukuta. Nikisema, Mjomba, hilo begi jekundu umeniletea nini, mama yake alisema, lete hilo jekundu hapa nilione. Aliondoka ameridhika nusu. Siku zote nusu.

Mke wake, Mama Idi, alijifungua mtoto wa kike, wakamwita Zuhura. Bi Hawa hakukubali shali la mjukuu wake lishikwe na mkono wangu hata kitanzi kimoja. Alikuwa na lake kichwani: Shabani akiona kazi ile, wasiwasi utamwisha moja kwa moja. Alianza na maua ambayo hakuwahi kuyafuma kwa mteja, jani ndani ya jani, na alipofika katikati mimi nikaugua malaria. Si malaria ya kujilaza; ilikuwa ya kusema na dari. Mjomba Shabani alikuja kuleta habari za mtoto akanikuta natetemeka chini ya godoro la pili, akanipeleka hospitali Kibaha, kisha nyumbani kwake nipate kuangaliwa. Bi Hawa alitusindikiza hadi mkorosho wa kwanza, akageuka akarudi peke yake kwa hatua za mtu anayejua kila jiwe. Nilimwona kwa homa, nikataka kusema neno, nikatapika.

Basi nikalazwa chumba hiki. Kumbe kilikuwa kimeshaandaliwa, si kwa ajili yangu. Kitanda kipya cha mninga, chandarua cha bluu, mkeka wa kuswalia, na kamba imefungwa ukutani kutoka kitandani hadi mlangoni. Mjomba aliifunga mwenyewe, akaijaribu akiwa amefumba macho. Idi, wakati ule bado mtoto, alinisimulia akicheka. Mama Idi, na uzazi wake, aliniletea uji wa pilipili manga uliokuwa wake, akanisimamia mpaka nimalize. Mchana ule wa kwanza nilifurahi. Wa pili nilianza kusikia ukimya wa dirisha lile. Na kupitia ukuta, mimi wakinidhani nimelala, nilisikia Mjomba akimwambia mkewe kwamba mama yake anamficha kitu, kwamba haoni vizuri, kwamba yeye mwenyewe anaota kila mara amefika kwa mama akakuta moshi. Mama Idi akamjibu yeye hana neno, chumba kipo, ila mama mikono yake haijazoea kukaa. Mjomba akasema, "Mikono ipumzike sasa. Imefanya kazi ya kutosha." Alisema kwa upendo kabisa. Mimi homa ilinirudi.

Kule Kisarawe uzi ulimwishia Bi Hawa. Haya tuliyapata baadaye kwa mwenye duka. Alikwenda mwenyewe, njia nzima hadi sokoni, kwa miguu iliyokumbuka, akaomba nyeupe. Mwenye duka akampa nyeupe. Hakuna aliyekosea. Akarudi, akaendelea palepale alipokuwa ameachia, katikati ya ua, akamaliza, akaosha, akavuta, akabana kwa miiba yake, akakunja ndani ya kanga, na hakumwonyesha Mama Tausi aliyemleta Mkuza, maana shali hufunuliwa mbele ya mwenyewe.

Siku ya arobaini nilikuwa nimesimama kwenye korido, miguu bado ya pamba, bakuli la bokoboko mkononi. Wanawake walijaa chumbani juu ya mikeka, udi unafuka, Mama Idi amepakwa hina hadi viwiko, mtoto amenyolewa anang'aa kama yai. Bi Hawa alikalishwa karibu na mzazi. Alifungua kanga yake taratibu, akalishika shali kwa pembe mbili, akalitikisa likafunguka. Sijapata kuona kazi kama ile, wala mimi sijaifikia. Jani ndani ya jani, kila tundu sawa na jirani yake. Na lilikuwa jeupe la maziwa mpaka katikati, kisha, ndani ya jani moja, bila hata kungoja jani liishe, likageuka rangi ya tui, mstari umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Dada mmoja akacheka kidogo, akidhani ni mtindo mpya, akaona wenzake hawacheki.

"Mnaonaje weupe wake?" Bi Hawa akauliza. "Uzi mmoja huo, toka mwanzo hadi mwisho."

Mama Idi akasema zuri, mama, zuri sana, akamfunga mtoto haraka upande wa tui ukawa ndani. Lakini Mjomba Shabani alikuwa mlangoni, amekuja kuita watu wa dua. Aliliona. Akapita katikati ya wanawake, akachuchumaa mbele ya mama yake. Nilifungua mdomo niseme kitu, chochote, jina la rangi, na yeye bila kugeuka akaninyooshea kiganja ninyamaze.

"Mama, shati langu la leo unalionaje?"

Bi Hawa akatabasamu. Nilimwona akifikiri: mwanangu, siku ya mwanawe, dua, atavaa nini.

"Jeupe limekupenda, baba. Mtu na siku yake."

Lilikuwa la mistari ya kijani na nyeusi, la kazini. Alikuwa ametoka kurekebisha bomba la uani. "Limenipenda, eh," akasema. "Ahsante, mama." Akainuka akatoka. Nilimwona kwenye ukuta wa jiko amesimama ameuelekea mpapai, mabega yake makubwa yanatikisika, na vijana waliobeba masinia wakimpitia mbali. Jioni ile Mama Tausi alirudi Kisarawe peke yake.

Nilimtetea mara moja tu. Nilimfuata Mjomba nikamwambia bibi anaweza kufuma bila macho, amefuma mwaka mzima. Akaniangalia. "Kwa hiyo ulijua." Nikasema nilijua. "Mama yangu anawasha moto, anateka maji, haoni, na wewe unajua." Hakupandisha sauti. "Akiungua, Hamisi, mimi nikamwambie nani?" Nimekaa na swali lile miaka yote hii, nikifuma, na jibu bado sina, kwa sababu hakuna mtu mbaya wa kumtupia. Ningempata mmoja ningelala vizuri.

Nilirudishwa Kisarawe kulinda nyumba na kumalizia kazi za watu, na nilipoweza nilikwenda kumtazama. Walimtunza kama malkia, sisemi kwa dhihaka. Sindano zake Mama Idi alikuwa ameziweka juu ya kabati, kwa kuwa mtoto ataanza kutambaa, na ni kweli, watoto hutambaa. Kila nilipokuja nilimkuta Bi Hawa amekaa penye ukingo wa kitanda, safi, ananukia mafuta ya nazi, na mkeka chini ya miguu yake ukiwa umefumuliwa ukingo wote. Aliufumua kwa vidole vya miguu, kwa mikono, hakuna aliyejua lini. Nilimpa kazi yangu aipapase. Mwanzoni alinisuta, nafuma kama mtu anayefukuzwa. Kisha akawa anaipapasa na kunirudishia bila neno. Siku moja Mama Idi alimletea samaki, amemtoa kila mwiba, amemfanya matonge. Alipotoka Bi Hawa aliniambia, "Ananichambulia samaki," kwa sauti ambayo mwingine angesema, ananipiga. Nikamwambia, mke wangu, si anakupenda. Akasema, "Najua. Ndiyo maana siwezi hata kumtukana. Hapa hawanipi kazi hata ya kukosea." Alifariki kabla masika haijaisha, hana ugonjwa wenye jina. Mjomba Shabani alilia kuliko wote, akaniuliza mbele ya kaburi kama kuna kitu alimkosea mama yake. Nikamwambia hapana. Ningesema nini?

Ndiyo haya niliyokuwa nayo nikiwa nimelala chini ya feni. Nilipoamka nikakaa sebuleni na Idi na nduguze, Zuhura akitupa chai. Mtu mzima sasa, ana wakwe, lakini mkono wake una upole wa mama yake. Idi akaanza, kwa heshima, kwa kuzunguka. Kaka Hamisi, kule unakaa peke yako. Kaka, umri nao. Kaka, macho vipi? Nikamwambia yapo. Sikumwambia kwamba siku hizi nafuma kwa vidole, kwamba madaktari wameniambia maneno yaleyale, yamekufa kutoka ndani; ukoo wetu hauna kikubwa cha kurithisha, ila hicho unakigawa bila choyo. "Chumba kipo," Idi akasema. "Sisi ni wadogo zako." Ni baba yake mtupu, wasiwasi uleule, upendo uleule. Nikasema nitafikiri. Wakatoka nje barazani kukaa na wazee, wakaacha mlango wazi, Zuhura akabaki akikusanya vikombe kwenye sinia, nikajua wale wa nje wananitazama nitakavyoinuka.

Basi nikainuka kwa madaha. Nikaweka kikombe mezani bila kupapasa, nikauelekea mlango kichwa juu. Pembeni ya mlango alisimama mzee mmoja, kanzu, koti na kofia, kimya kama wazee wa msibani, na mimi sitaki kuonekana sina adabu.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitika. Nikadhani hakusikia. Nikainama kidogo, nikasema tena kwa sauti, "Shikamoo," na ndipo puani pakanijia harufu ya naftalini, dawa ya kufukuza nondo, nikajua namwamkia koti la Mjomba Shabani, limetundikwa juu ya kanzu yake kwenye msumari, na kofia yake juu. Kule barazani mazungumzo yakakatika. Nilisikia kiti cha Idi kikisogea.

Nyuma yangu, Zuhura, niliyekuwepo akinyolewa nywele za uchanga, aliweka sinia chini bila kelele, akakaza koo, akaitika kwa sauti nzito ya kizee, ifike nje:

"Marahaba."